Lord Egerton wa Njoro: Kasri, Shamba na Chuo

Hakuna mwanafunzi aliyepitia Chuo Kikuu cha Egerton asiyekijua kisa cha Bwana aliyejenga kasri kwa ajili ya mwanamke, akakataliwa, akawachukia wanawake wote hadi kufa kwake. Kisa hicho husimuliwa kwa wageni wa mwaka wa kwanza kabla hawajaijua hata njia ya maktaba. Ni kisa kitamu, na utamu wake ndio umemfanya mwenyewe asijulikane. Maurice Egerton, Baroni wa nne wa Tatton, aliishi miaka 83, na ni sehemu ndogo mno ya miaka hiyo inayoweza kuelezwa kwa habari za mchumba.

Alizaliwa Uingereza tarehe 4 Agosti 1874, katika ukoo wa makabaila waliomiliki Tatton Park, karibu na mji wa Knutsford katika jimbo la Cheshire. Ujanani alipenda vyombo vya moto na safari za mbali kuliko mabaraza ya wakubwa. Ndege zilipoanza kuruka alikuwa miongoni mwa Waingereza wachache wa mwanzo kabisa kununua ndege ya aina iliyobuniwa na ndugu Wright wa Marekani, na mwaka wa 1910 alipata cheti cha urubani nambari 11 cha klabu ya urubani ya nchi hiyo. Rafiki yake Charles Rolls, yule ambaye jina lake lingali katika magari ya Rolls-Royce, alikufa katika ajali ya ndege mwaka uo huo. Mwaka wa 1920 baba yake Maurice alifariki, naye akarithi cheo na mali. Hakuwa na mke wala mtoto.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza alianza kuishi maisha ya nchi mbili, Cheshire na Njoro. Hapa inafaa kutua kidogo, kwa kuwa wasimulizi wengi huanza hadithi kana kwamba Njoro ilikuwa pori lisilo na mwenyewe. Nyanda hizi zilikuwa malisho ya Wamaasai, na misitu ya Mau iliyo juu yake ilikuwa makao ya Waogiek. Mkataba wa mwaka wa 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa, na ule wa 1911 ukawaondoa Laikipia walikokuwa wamepelekwa. Lord Delamere alikuwa amekwisha kupewa ekari 100,000 huko Njoro, akajaribu kondoo, ng'ombe na ngano, akapata hasara juu ya hasara kabla ya kufaulu. Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 1915 ikawapa walowezi hati za kumiliki mashamba kwa miaka 999. Egerton alijipatia shamba lake katika mpango huo. Inaelezwa kuwa lilizidi ekari 20,000, na kwamba sehemu yake kubwa aliinunua kwa Delamere.

Kazi ya mashamba hayo ilifanywa na maskwota, yaani Waafrika walioruhusiwa kulima kipande na kuchunga mifugo michache kwa sharti la kumtumikia mwenye shamba siku kadhaa kila mwaka. Sheria ya mwaka wa 1918 ilizihesabu siku hizo, na ile ya 1937 ikawazidishia masharti. Lugha iliyowaunganisha bwana na kibarua katika wilaya hiyo ilikuwa Kisetla, kile Kiswahili kilichovuliwa upatanisho wa kisarufi kikabakizwa amri tupu. Wanaisimu wamekichunguza kwa upande wa muundo. Laiti wangekichunguza pia kwa upande wa mambo ambayo kibarua hakuweza kuyasema kwa lugha hiyo.

Mwaka wa 1938 ujenzi wa kasri ulianza huko Ngata, yapata kilomita 14 kutoka mjini Nakuru. Vita Vikuu vya Pili vikaukatiza, na jengo halikukamilika hadi mwaka wa 1954. Lina vyumba 52, ukumbi mpana wa dansi uliowekewa kinanda kikubwa cha mabomba, na kuta za mawe zinazoiga makasri ya Ulaya. Masimulizi yanadai kwamba mchumba wa kizungu aliiona nyumba ya awali akaiita kibanda cha kuku; kwamba Bwana alijenga kubwa zaidi, naye akaifananisha na banda la mbwa; na kwamba tangu siku hiyo wanawake, kuku na mbwa walipigwa marufuku kukanyaga shamba. Wengine humfanya mwanamke huyo binti wa mfalme, wengine Mwaustria, wengine Mwingereza. Kuna wasemao wageni wa kiume walilazimika kuwaacha wake zao mbali na lango.

Msomi wa fasihi simulizi ataitambua ngano hii mara moja: jaribio linalorudiwa, dhihaka, kiapo, laana. Tarehe lakini hazipatani nayo vizuri. Msingi wa kasri ulipowekwa Egerton alikuwa na umri wa miaka 64, na jengo lilipokwisha alikuwa anafikia 80. Kwamba aliishi bila mke, na kwamba hakupenda wanawake waje kwake, ni jambo linalotajwa na wengi mno kupuuzwa. Kwamba kasri lilijengwa kwa sababu ya mapenzi ni jambo jingine. Tena ngano ina kazi nyingine inayofanya kimyakimya. Inamfanya mwenye shamba awe ndiye aliyedhulumiwa. Msikilizaji huondoka akimhurumia bwana wa ekari elfu ishirini, wala haulizi ni nani waliolala wapi usiku ule kasri lilipokuwa likipanda.

Mwaka mmoja baada ya kuanza kasri, yaani 1939, Egerton alifanya jambo ambalo ngano hulisahau. Alitoa ekari 740 huko Njoro ianzishwe Shule ya Kilimo ya Egerton. Wanafunzi wake walikuwa vijana wa Kizungu waliotayarishwa kuwa wakulima katika Nyanda za Juu zilizotengewa weupe. Mwafrika hakuwa na nafasi darasani, ingawa alikuwa nayo shambani. Mchango huu si wa mtu aliyejitenga kabisa na wanadamu. Hata Knutsford aliacha klabu ya vijana ambayo aliisaidia kwa mali yake. Alipenda vijana wa kiume wawe na kazi ya mikono na michezo, na wala hakuficha kwamba aliwawazia wa rangi yake.

Mwaka wa 1955 shule ikawa Chuo cha Kilimo cha Egerton, ikitoa cheti cha mwaka mmoja na stashahada ya miaka miwili. Mwaka wa 1958 akaongeza ekari 1,100. Alifariki tarehe 30 Januari mwaka huo, akazikwa Nakuru. Cheo cha ubaroni kikafa pamoja naye, na Tatton Park ikaangukia mikononi mwa shirika la kuhifadhi turathi za Uingereza. Katika kasri alikuwa ameishi takriban miaka minne tu.

Muda si mrefu baada ya kifo chake chuo kilifungua milango kwa watu wa rangi zote, na baada ya uhuru kikawa na mkuu Mwafrika, Dkt. William Odongo Omamo. Mwaka wa 1979, kwa msaada wa serikali ya Kenya na ya Marekani, kilipanuliwa; mwaka wa 1986 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka wa 1987 Sheria ya Bunge ikakifanya chuo kikuu kamili. Kutoka tumboni mwake vimezaliwa vyuo vikuu vya Chuka, Laikipia na Kisii, vyote vikipata hati zao mwaka wa 2013. Shamba la chuo lingali linaitwa Tatton. Viwanja vya Njoro, vilivyo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, vimekimbiliwa na kuchezewa raga na vijana ambao kanuni za mwaka wa 1939 zingewazuia langoni, wa kiume kwa wa kike. Chuo kina taasisi ya taaluma za wanawake na jinsia, na mwaka wa 2016 Profesa Rose Mwonya alithibitishwa kuwa Naibu Chansela wake.

Kasri la Ngata nalo limo chini ya uangalizi wa chuo hicho, likiwa turathi ya taifa. Wanafunzi hulizuru, wapiga picha hawaliachi, na siku za Jumamosi maarusi hufika na jamaa zao kufungia ndoa katika bustani zake.