Siti binti Saad: Sauti ya Santuri Iliyorejea Mikononi mwa Umma

Na Mwandishi Wetu, Kiranjeranje – Kilwa

MUDA wa ulinzi wa hakimiliki unapokwisha, kazi ya msanii haifi pamoja na haki hiyo, bali huanza maisha mengine. Huacha kuwa mali ya mtu mmoja, ya warithi wake au ya kampuni fulani, ikawa mali ya umma. Katika historia ya muziki wa Kiswahili, mfano ulio wazi zaidi ni wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar aliyefariki dunia tarehe 8 Julai 1950. Kwa wakazi wa Kiranjeranje na wa mwambao wote wa Kilwa na Lindi, wasifu wake una mafunzo mawili. La kwanza ni namna mtu wa hali ya chini alivyoipa lugha yetu sauti iliyovuka bahari. La pili ni nini mwananchi anaruhusiwa kufanya, na nini haruhusiwi, na urithi wa sauti za waliotangulia.

Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, takriban mwaka 1880. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi na mama yake ya Uzigua, na wote wawili walitoka katika tabaka la watu waliofikishwa visiwani na mfumo wa utumwa. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Kwa msomaji wa Kilwa jambo hili haliko mbali, kwa kuwa katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa miongoni mwa bandari kuu zilizopitisha mateka kutoka bara kwenda Zanzibar. Biashara hiyo ya baharini ilipigwa marufuku kwa mkataba wa 1873, na hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa Zanzibar mwaka 1897. Hata hivyo, dharau ya kijamii ilidumu miaka mingi baada ya sheria kubadilika. Binti huyo alikulia katika dharau hiyo.

Hakupata elimu ya shule. Alijifunza kwa mama yake kazi ya ufinyanzi, akawa anachukua vyungu kutoka shamba na kuvitembeza mjini. Sauti aliyoitumia kunadi bidhaa yake ndiyo iliyoanza kumtambulisha kwa watu. Mwaka 1911 alihamia mjini Zanzibar kutafuta maisha bora. Huko alikutana na Muhsin Ali, mpiga udi aliyekuwa mwanachama wa Nadi Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoasisiwa mwaka 1905. Mwalimu huyo alimfunza misingi ya uimbaji na mashairi ya Kiarabu, kisha akamkutanisha na wanamuziki wengine. Mjini ndiko alikopata jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima. Aliyezaliwa akiitwa Mtumwa akawa anaitwa kwa jina la watukufu.

Kikundi chake kiliwakusanya mafundi waliobaki katika kumbukumbu ya taarab, wakiwamo Subeti bin Ambar, Buda bin Swedi, Mwalimu Shaaban na Mbaruku Talsam. Kabla yao, taarab ilikuwa zaidi burudani ya kasri na ya wenye nafasi, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake waliimba mbele ya wakubwa, lakini waliimba pia katika nyumba za watu wa kawaida na kwa Kiswahili. Mambo ya mtaa yakaingia katika nyimbo: mapenzi, kiburi cha matajiri, hila na dhuluma. Wimbo uitwao Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke aliyekuwa mgeni Zanzibar, na jinsi vyombo vya haki vya wakati ule vilivyoshindwa kumtendea haki. Kwa watu wasiokuwa na gazeti wala mjumbe barazani, wimbo kama huo ulikuwa ushahidi uliohifadhiwa kwa sauti.

Mwaka 1928 Siti na kikundi chake walisafiri kwa meli hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo kwa ajili ya kampuni ya Gramophone iliyotumia alama ya His Master's Voice. Anatambulika sana kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi santuri za kibiashara. Sahani za wakati huo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulibeba takriban dakika tatu tu. Wimbo uliozoeleka kuendelea kwa muda mrefu barazani ulilazimika kufupishwa ili uenee katika upande wa sahani. Pamoja na ufinyu huo, santuri hizo zilipata wanunuzi wengi. Inakadiriwa kuwa hadi mwaka 1931 zaidi ya nakala 70,000 za rekodi za Kiswahili za kampuni hiyo zilikuwa zimeuzwa, na kampuni nyingine zikaingia katika ushindani. Mwambao wa Afrika Mashariki, ambao Kilwa na Lindi ni sehemu yake, ukapata kwa mara ya kwanza kusikiliza Kiswahili chake chenyewe kikitoka katika mashine.

Katika siku za mwisho za maisha yake, mwandishi Shaaban Robert alikutana naye na kukusanya habari zake. Zao la kazi hiyo ni kitabu cha Wasifu wa Siti binti Saad, kilichochapishwa mwaka 1958, kikiwa miongoni mwa wasifu wa mwanzo wa mwanamke wa Kiafrika ulioandikwa kwa Kiswahili na Mwafrika. Miongo mitatu baadaye, Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania (TAMWA) kiliita jarida lake Sauti ya Siti kwa kumuenzi.

Ni ipi basi hadhi ya kazi zake kisheria? Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, na Bunge likatunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kwa sheria hiyo, kazi ya mtunzi hulindwa katika uhai wake wote na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa kuwa Siti alifariki mwaka 1950, ulinzi wa tungo zake mwenyewe ulikoma mwishoni mwa mwaka 2000. Zanzibar ina sheria yake, ya mwaka 2003, inayosimamiwa na COSOZA. Tanzania Bara, msimamizi ni COSOTA.

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu santuri moja hubeba haki za aina mbili. Ya kwanza ni ya utungo, yaani maneno na muziki. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, inayomhusu mwimbaji, wapiga vyombo na mtayarishaji. Ulinzi wa rekodi huhesabiwa kuanzia iliporekodiwa, si kuanzia kifo cha mtu, na sheria ya 1999 imeuweka kuwa miaka 50. Kwa kipimo hicho, sauti iliyorekodiwa mwaka 1928 ilimaliza muda wake mwaka 1978. Lakini si kila wimbo ulioimbwa na Siti ulitungwa na yeye. Pale ambapo shairi ni la mwenzake, au kazi ni ya watunzi kadhaa kwa pamoja, huhesabiwa kifo cha mtunzi husika, na kwa kazi ya pamoja, cha yule aliyeishi muda mrefu kuliko wenzake. Mtu anayetaka kuitumia kazi hiyo kibiashara ana wajibu wa kuhakikisha jambo hilo kwanza.

Nchi nyingine zina vipimo vyake. Uingereza iliongeza ulinzi wa rekodi za sauti kutoka miaka 50 hadi 70 mwaka 2013, bila kuzirudishia haki rekodi ambazo muda wake ulikuwa umekwisha. Marekani ilitunga sheria mwaka 2018, na kwa sheria hiyo rekodi zilizotolewa kabla ya 1923 ziliachiwa umma tarehe 1 Januari 2022, ilhali zile za 1923 hadi 1946 zimewekewa miaka 100. Msanii anayepakia wimbo wa zamani katika intaneti azingatie kwamba kilicho huru hapa kinaweza kuwa bado kinalindwa kwingine.

Pamoja na hayo, uhuru wa kisheria hauwi na faida iwapo sauti yenyewe haipatikani. Rekodi za zama za Siti zilitengenezwa na kampuni za ng'ambo, na hazina kubwa imehifadhiwa huko huko. Mwaka 2007 kampuni ya Topic ya Uingereza ilitoa mkusanyiko wa muziki wa Kiswahili wa Tanzania na Kenya wa miaka ya 1920 hadi 1950 kutoka katika hazina ya Maktaba ya Uingereza. Kazi ya namna hiyo ni ya kushukuriwa, lakini inatukumbusha kuwa asiyetunza chake hukisikia kwa mwenzake. Sahani zilizobaki majumbani ni dhaifu. Hupinda kwa joto, hukwaruzika kwa vumbi na huvunjika kama vile vyungu alivyouza Siti ujanani. Wilaya ya Kilwa inafahamu thamani ya uhifadhi, kwani magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Sauti nayo ni urithi, ingawa haina kuta.

Kwa kijana wa Kiranjeranje mwenye simu na kipaji, mipaka ni hii. Anaweza kuimba upya utungo ambao muda wa ulinzi umekwisha, kuupanga kwa ala za kisasa, au kuutumia katika igizo la shule, bila kulipa ada ya hakimiliki. Hawezi kuchukua rekodi mpya ya msanii mwingine wa wimbo huo huo. Albamu ya Siti of Unguja, iliyotolewa mwaka 2020 na Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, ina haki zake kamili. Vilevile ngoma na nyimbo za jadi za jamii zina ulinzi wa pekee usiokoma kwa kupita miaka, na matumizi yake ya kibiashara yanahitaji idhini kupitia Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Na msanii anayetunga leo anashauriwa kusajili kazi yake COSOTA, akiandika majina ya wote walioshiriki na tarehe ya kurekodi, ili vizazi vijavyo visipate taabu ya kukisia.

Wajibu wa mwisho hauna kikomo cha miaka: kumtaja mwenye kazi. Siti binti Saad alizaliwa bila jina la heshima, akalipata kwa jasho na sauti yake. Sheria imeziachia tungo zake kwa umma. Haikumruhusu mtu yeyote kuziimba na kulificha jina hilo. Aliye na santuri kuukuu nyumbani, au mzee anayekumbuka nyimbo za zama hizo, ana hazina ya taifa. Aandike anachokijua, aihifadhi sahani mbali na jua, na awasiliane na ofisi ya utamaduni ya wilaya kabla sauti hiyo haijapotea.