Mpasuaji wa maiti aliyewaokoa walio hai

Mgonjwa anayesubiri upasuaji mkubwa katika hospitali zetu hutolewa damu kidogo kwanza, ikapelekwa maabara, na baada ya muda faili yake ikaandikwa herufi: A, B, AB au O. Jambo hilo limekuwa la kawaida mno hata hakuna anayejisumbua kuuliza herufi hizo zilitoka wapi. Wanafunzi huzikariri ili wapite mtihani, wauguzi huziandika, na mama anayevuja damu baada ya kujifungua huokolewa kwazo, bila ya kujua kwamba yupo mtu mmoja aliyezigundua, mtu mkimya asiyependa sifa, ambaye ujana wake ulipita miongoni mwa maiti. Mtu huyo ni Karl Landsteiner.

Alizaliwa nchini Austria tarehe 14 Juni 1868, akakulia katika jiji la Vienna. Babake, mwanahabari mwenye jina, alifariki Karl angali mtoto mdogo, naye akalelewa na mamake. Mapenzi yaliyokuwepo baina ya mama na mwana huyo hayakuwa ya kawaida. Mama alipoaga dunia, umbo la uso wake lilichukuliwa kwa plasta, na Landsteiner akalitundika ukutani, likakaa hapo hadi mwisho wa maisha yake mwenyewe.

Alihitimu udaktari mwaka 1891, lakini kazi ya kuwahudumia wagonjwa vitandani haikumvutia. Aliamini kwamba siri ya maradhi imo katika kemia, basi akafunga safari hadi Ujerumani na Uswisi kujifunza kwa mabingwa wa somo hilo, akiwemo Emil Fischer, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel. Aliporudi Vienna hakupewa cheo cha maana. Kuanzia mwaka 1897 aliajiriwa kuwa msaidizi katika idara ya kuchunguza maiti ya Chuo Kikuu cha Vienna, na katika muda wa miaka kumi hivi akapasua maiti zaidi ya 3,600. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Utafiti aliufanya katika saa alizoziiba baina ya maiti mmoja na mwingine.

Ili tuutambue uzito wa alichokifanya, yafaa tukumbuke hali ilivyokuwa kabla yake. Mwaka 1667 daktari Jean-Baptiste Denis wa Paris aliwatia watu damu ya mwanakondoo. Mgonjwa wake mmoja alipokufa pakazuka kesi, na hatimaye shughuli yote ikapigwa marufuku nchini Ufaransa. Mwaka 1818 James Blundell, mkunga bingwa wa London aliyechoshwa na kuwaona akina mama wakifa kwa kuvuja damu, alianza kuwatia wagonjwa damu ya binadamu wenzao. Baadhi yao walifufuka mbele ya macho yake. Wengine walishikwa na baridi kali, viuno vikawauma, mkojo ukawa mweusi, nao wakakata roho. Kwa nini huyu apone na yule afe, ilhali wote wametiwa damu ya binadamu mwenye afya? Hakuna aliyejua. Kwa muda wa miaka themanini baadaye, daktari aliyemwongezea mgonjwa damu alikuwa akicheza bahati nasibu kwa roho ya mtu.

Wakati huo ilikwisha kujulikana kwamba damu ya mtu mmoja ikichanganywa na maji ya damu ya mwingine, mara nyingine chembechembe nyekundu hushikamana zikawa vibonge. Wengi wa walioliona jambo hilo walilichukulia kuwa ni dalili ya maradhi, kwa kuwa walikuwa wakichunguza damu ya wagonjwa. Landsteiner alikwenda kinyume. Aliwatoa damu wenzake wazima waliofanya kazi naye maabarani, akajitoa na yake mwenyewe, akatenganisha chembechembe na maji, kisha akachanganya za huyu na ya yule, kila mmoja kwa kila mmoja, akiandika matokeo katika jedwali. Hakuhitaji chombo chochote cha ajabu. Tokeo lilikuwa na mpango: chembechembe za watu fulani zilishikamana kila zilipokutana na maji ya damu ya watu wa namna nyingine, ila hazikushikamana katu katika maji ya damu ya watu wa namna yao.

Mwaka 1901 alitangaza kwamba watu wamegawanyika katika makundi matatu, A, B na C. Hili la tatu baadaye likaitwa O. Mwaka uliofuata, wenzake wawili, Decastello na Sturli, wakaliona kundi la nne lililo adimu zaidi, AB. Mwenye damu ya A ana kingamwili dhidi ya B, na wa B anazo dhidi ya A. Mtu akitiwa damu isiyomfaa, kingamwili zake huzishambulia chembechembe ngeni, zikapasuka ndani ya mishipa, figo zikashindwa kufanya kazi. Hicho ndicho kilichowaua wagonjwa wa Blundell. Kwa maoni yangu, ukuu wa Landsteiner hauko katika kugundua kwamba damu za watu zinatofautiana, kwani hilo lilikwisha kuonekana, bali uko katika kutambua kwamba tofauti hiyo si ugonjwa. Ni jinsi tulivyoumbwa.

Je, ulimwengu ulimshangilia? La hasha. Ilipita miaka kadhaa kabla ya madaktari kuanza kupima damu kwanza. Mnamo 1907, huko New York, Reuben Ottenberg alianza kuilinganisha damu ya mtoaji na ya mpokeaji. Vita Vikuu vya Kwanza ndivyo vilivyoilazimisha dunia ifuate, kwa vile wakati huo ilikuwa imekwisha kujulikana namna ya kuizuia damu isigande na kuihifadhi kwenye chupa. Ni watu wangapi waliokufa katika miaka hiyo ya kupuuzwa? Hakuna aliyewahesabu.

Mwaka 1910 Dungern na Hirszfeld walionyesha kwamba makundi hayo hurithiwa kutoka kwa wazazi, na mwaka 1924 Felix Bernstein akaeleza kanuni kamili ya urithi huo. Lakini jeni yenyewe haikusomwa hadi 1990, pale Fumiichiro Yamamoto na wenzake walipoifumbua nchini Marekani. Iko kwenye kromosomu ya 9, na kazi yake ni kutengeneza protini, yaani kimeng'enya kinachobandika sukari juu ya chembechembe nyekundu. Kimeng'enya cha A na cha B hutofautiana katika asidi-amino nne tu, na mara nyingi mwenye damu ya O amekosa herufi moja tu ya jeni, hivyo kimeng'enya chake hakifanyi kazi. Kwa upungufu mdogo kama huo mtu anaweza kufa akitiwa damu ya jirani yake. Ajabu ni kwamba upungufu huohuo una faida yake: uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa Kilifi na kuchapishwa mwaka 2018 ulikuwa miongoni mwa zilizoonyesha kwamba damu ya O humpunguzia mtoto hatari ya malaria kali.

Landsteiner mwenyewe hakukaa akingoja sifa. Mwaka 1908, akishirikiana na Erwin Popper, aliwaambukiza nyani ugonjwa wa polio kwa kutumia uti wa mgongo wa mtoto aliyekufa kwa maradhi hayo, na muda si muda ikabainika kuwa kinachoambukiza ni kitu kidogo kuliko bakteria. Tumshukuru pia kwa hilo, sisi tunaowapeleka watoto kliniki kupata matone ya chanjo.

Vita viliiacha Vienna katika njaa na baridi. Mwaka 1919, akiwa na umri wa miaka hamsini na ushei, mwenye mke na mtoto mdogo, mtaalamu huyu alihamia The Hague, Uholanzi, akafanya kazi katika hospitali ndogo ya Kikatoliki akipima mikojo na damu kama msaidizi yeyote wa maabara. Huko nako aliendelea kuandika makala za kisayansi. Baada ya miaka michache Taasisi ya Rockefeller ya New York ikamwita, naye akawa raia wa Marekani. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1930, miaka ishirini na tisa baada ya ugunduzi wenyewe! Tena yeye aliuona utafiti wake kuhusu kemia ya kinga ya mwili kuwa na uzito zaidi ya ule wa makundi ya damu.

Katika New York hiyohiyo aliishi kuona elimu yake ikikanyagwa. Marekani ilipojitayarisha kwa Vita Vikuu vya Pili, Shirika la Msalaba Mwekundu la nchi hiyo kwanza lilikataa kabisa damu ya watu weusi, na kuanzia mwaka 1942 likaipokea lakini likaitenga katika chupa zake. Ubaguzi huo haukufutwa hadi 1950. Jedwali la mwaka 1901 halikuwa na safu ya rangi ya ngozi. Mweusi wa kundi A na mweupe wa kundi A waweza kupeana damu, ilhali ndugu wawili wa tumbo moja waweza kushindwa.

Sisi huku ubaguzi wetu si wa chupa, ni wa kusahau. Bomu lilipolipuliwa Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, Wakenya walipanga foleni kutoa damu bila ya kuulizana kabila, na mwaka 2000 taifa likapata huduma yake ya damu. Lakini foleni ile haikudumu. Kwa miaka mingi mzigo huu umebebwa na wanafunzi wa shule za sekondari, na shule zikifungwa akiba hupungua, jamaa za wagonjwa wakaanza kuhangaika kutafuta wa kuwatolea. Mtu mzima mwenye afya anayemwachia mtoto wa kidato cha tatu jukumu hilo ana la kujibu.

Mwaka 1940, akiwa amekwisha kustaafu ila hajaacha kazi, Landsteiner na Alexander Wiener walitangaza alama nyingine ya damu, waliyoiita Rh kwa jina la nyani aina ya rhesus waliowatumia. Alama hiyo, ambayo leo twajua ni protini, ilieleza kwa nini baadhi ya wanawake huzaa mtoto wa kwanza salama kisha wakawapoteza wanaofuata: mama asiyekuwa nayo hutengeneza kingamwili dhidi ya damu ya mwanawe. Kiini cha jambo hilo kilikwisha kuonekana mwaka mmoja nyuma na Philip Levine, aliyewahi kuwa msaidizi wake, na mvutano juu ya nani aliyetangulia uliendelea muda mrefu. Tangu mwaka 1968 ipo sindano ya kuwakinga akina mama hao.

Tarehe 24 Juni 1943 alishikwa na mshtuko wa moyo akiwa maabarani, mrija wa kupimia ukiwa mkononi. Alifariki siku mbili baadaye katika hospitali ya taasisi ileile. Kitabu chake kikuu juu ya kinga ya mwili, ambacho alikuwa akikisahihisha upya hadi siku zake za mwisho, kilichapishwa mwaka 1945.