George Albert Boulenger, mtoa majina wa samaki wa Ziwa Tanganyika

Samaki anayeitwa mgebuka sokoni Kigoma huitwa mukeke Bujumbura. Kwa wataalamu wa uvuvi wa nchi nne zinazopakana na Ziwa Tanganyika, yaani Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia, samaki huyo ni mmoja, Lates stappersii. Bila jina hilo la pamoja, takwimu zao za mavuno zisingelinganishika. Chimbuko lake ni mwaka 1914, kazini kwa George Albert Boulenger.

Boulenger alizaliwa Brussels, Ubelgiji, mwaka 1858. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alihamia Makumbusho ya Uingereza jijini London, akabaki huko hadi alipostaafu mwaka 1920. Wasafiri waliorejea kutoka Afrika walimletea samaki waliohifadhiwa katika pombe kali. Alihesabu magamba na miiba ya mapezi, akachunguza meno, kisha akaamua kila mmoja awekwe katika familia na jenasi ipi. Orodha yake ya samaki wa maji baridi wa Afrika ilitoka katika juzuu nne, kati ya 1909 na 1916. Alieleza spishi za samaki zaidi ya 1,000, mbali na nyoka, mijusi na vyura.

Mgebuka alipewa jina la daktari Mbelgiji, Louis Stappers, aliyeongoza msafara wa utafiti ziwani. Wavuvi waliomtambua samaki huyo vizazi vingi kabla hawakutajwa popote katika jina hilo, na huo ndio upungufu wa desturi nzima, si wa Boulenger peke yake.

Si kila uamuzi wake uliodumu. Mgebuka alimweka katika jenasi ya Luciolates. Waliofuata wakamhamishia Lates, alimo pia sangara. Ndiyo maana jina la Boulenger huandikwa ndani ya mabano: spishi ni yake, jenasi imebadilishwa. Kuhe naye, aliyemweleza mwaka 1899, aliundiwa jenasi mpya na Mfaransa Jacques Pellegrin mwaka 1904. Pellegrin aliiita Boulengerochromis, pengine marekebisho yenye adabu kuliko yote.

Hata baada ya kustaafu, mwaka 1921, Boulenger alimweleza samaki asiyeona wa mapango ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu, magharibi mwa Kongo. Kisha akageukia uainishaji wa mawaridi nchini Ubelgiji. Alifariki Saint-Malo, Ufaransa, mwaka 1937.