Bessie Coleman: binti wa mashamba ya pamba aliyejifunza Kifaransa ili arushe ndege

Kijana wa miaka 15 akisema nyumbani kwamba anataka kuwa rubani, mara nyingi watu wazima wanacheka. Wanasema kazi hiyo ni ya watoto wa matajiri au ya wageni. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, huko Marekani, msichana mmoja mweusi alichekwa hivyo hivyo, tena na kaka yake wa damu. Jina lake Bessie Coleman. Mwaka wa 1921 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza duniani kupata leseni ya urubani ya kimataifa. Alikufa akiwa na miaka 34 tu, lakini njia aliyoifuata bado inawafundisha vijana mengi, kwa mazuri yake na kwa kosa moja lililomgharimu maisha.

Shule ya chumba kimoja

Bessie alizaliwa tarehe 26 mwezi wa kwanza 1892 katika mji mdogo wa Atlanta, jimbo la Texas, kusini mwa Marekani. Wazazi wake, George na Susan, walikuwa wakulima maskini wenye watoto wengi. Alipokuwa na miaka miwili, jamaa ilihamia Waxahachie, bado huko Texas, na huko ndiko alikokulia kati ya mashamba ya pamba.

Ilikuwa miaka ya ubaguzi mkali. Watoto weusi walikuwa na shule zao, mara nyingi zisizokuwa na vitabu wala vifaa. Bessie alitembea kilometa zaidi ya 6 kwa miguu kufika kwenye shule ya chumba kimoja. Msimu wa kuvuna pamba ulipofika, masomo yalisimama na watoto wote walikwenda shambani.

Baba yake, aliyekuwa na damu ya Wahindi Wekundu, alichoshwa na maisha ya Texas. Mwaka wa 1901 alihamia eneo la Oklahoma, na mama akabaki na watoto. Susan hakujua kusoma wala kuandika, alifanya kazi katika nyumba za Wazungu, lakini alitaka watoto wake wasome. Bessie alipenda vitabu na alikuwa hodari wa hesabu, hata jamaa ilimtegemea kuhesabu mapato ya pamba.

Akiwa na miaka 18 alikuwa amejiwekea akiba kwa kufua nguo za watu. Kwa pesa hizo alijiandikisha katika chuo cha watu weusi cha Langston, Oklahoma. Alisoma muhula mmoja tu, pesa zikaisha, akarudi Waxahachie kwenye kazi yake ya kufua.

Kucha za wateja na habari za vita

Mwaka wa 1915 Bessie aliondoka Texas na kwenda Chicago, kaskazini, ambako kaka zake walikuwa wakiishi. Alijifunza kutengeneza kucha na kupata kazi katika saluni ya kunyolea wanaume.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoisha, askari walirudi kutoka Ufaransa na masimulizi ya ndege za vita. Kaka yake John, aliyekuwa amepigana huko, alizoea kumtania kwamba wanawake wa Ufaransa wanarusha ndege, kitu ambacho wanawake weusi wa Chicago hawataweza kamwe. Kwa John ulikuwa mzaha. Bessie aliamua kuanzia hapo kwamba atakuwa rubani.

Aliomba nafasi katika shule za urubani za Marekani, zote zikamkataa. Alikuwa mwanamke, tena mweusi. Alikwenda basi kumwona Robert Abbott, mwanzilishi wa gazeti la Chicago Defender, lililosomwa sana na watu weusi wa Marekani. Abbott alimshauri ajifunze Kifaransa na aende Ufaransa, mahali ambapo mlango haungefungwa kwa sababu ya rangi ya ngozi.

Bessie alifuata shauri hilo. Mchana alifanya kazi, baadaye alisoma Kifaransa katika shule ya lugha mjini Chicago. Aliacha kazi ya kucha na kwenda kusimamia mkahawa uliomlipa vizuri zaidi. Alikusanya akiba yake, na watu wenye uwezo kama Abbott na mwenye benki Jesse Binga wakamwongezea. Mwezi wa 11 mwaka wa 1920 alipanda meli kwenda Ufaransa.

Miezi saba ya Le Crotoy

Shule iliyompokea ilikuwa ya ndugu Caudron, katika mji wa Le Crotoy, kaskazini mwa Ufaransa, pale mto Somme unapoingia baharini. Alijifunza kwenye ndege ya Nieuport, iliyojengwa kwa mbao na kitambaa, yenye mabawa mawili, moja juu ya lingine. Mwalimu alikaa mbele, mwanafunzi nyuma. Fimbo moja mbele ya mwanafunzi iliinua au kushusha pua ya ndege na kuiinamisha kushoto au kulia, na chuma kilichokanyagwa kwa miguu kiligeuza mkia. Breki hazikuwepo. Ndege ikitua, mkia wake ulikokota ardhi mpaka isimame.

Kabla ya kila safari ilimpasa mwanafunzi kuikagua ndege yote, kwa kuwa nyaya na mbao ziliweza kukatika angani. Wakati wa masomo hayo Bessie alimwona mwanafunzi mwenzake akifa katika ajali. Jambo hilo lilimshtua sana, lakini hakuacha.

Siku ya mtihani ilimbidi kuzunguka njia iliyopimwa, kuchora umbo la nane angani, kisha kuzima injini na kutua karibu na alama aliyoonyeshwa. Alifaulu. Tarehe 15 mwezi wa sita 1921 alipewa leseni yake na Shirikisho la Kimataifa la Urushaji Ndege. Mwezi wa tisa alirudi Marekani, na waandishi wa habari walikuwa wakimngoja New York.

Leseni bila kazi

Safari za abiria zilikuwa bado changa wakati huo, na hakuna shirika lililokuwa tayari kumwajiri mwanamke mweusi. Rubani wa namna yake aliweza kuishi kwa maonyesho tu, yaani kupinduka na kuzunguka angani mbele ya watu waliolipa kiingilio. Bessie aliona kwamba masomo yake hayatoshi kwa kazi hiyo. Mwaka wa 1922 alirudi Ulaya, akapata mazoezi zaidi Ufaransa na Ujerumani, na Uholanzi alikutana na mtengenezaji wa ndege Anthony Fokker.

Onyesho lake la kwanza Marekani lilifanyika tarehe 3 mwezi wa tisa 1922, karibu na New York, kwa heshima ya askari weusi waliopigana Ulaya. Tangu siku hiyo jina lake lilienea.

Mwezi wa pili 1923, huko California, injini ya ndege aliyokuwa ameinunua ilizimika muda mfupi baada ya kuruka. Ndege ilianguka. Alivunjika mguu na mbavu, akalazwa hospitalini kwa miezi. Alipopona ilimbidi kuanza tena karibu bila kitu.

Hata hivyo alikuwa na mambo ambayo pesa hazikuweza kumfanya akubali. Alikuwa amepewa nafasi ya kucheza katika filamu, lakini alipojua kwamba katika sehemu ya kwanza angevaa nguo zilizochakaa, na fimbo mkononi, kama maskini asiyejua kitu, alikataa na kuondoka. Na Waxahachie, mji wa utoto wake, wasimamizi wa onyesho walitaka watu weusi na Wazungu wapite milango tofauti. Bessie aliwaambia hataruka mpaka wote wapite mlango mmoja. Walikubali mlango mmoja, ingawa ndani watu walikaa bado wametenganishwa.

Lengo lake kubwa lilikuwa kufungua shule ya urubani kwa vijana weusi, ili wasilazimike kuvuka bahari kama yeye. Alizungumza makanisani na mashuleni, na huko Orlando, Florida, alifungua hata saluni ya wanawake ili kuongeza pesa.

Ndege ya zamani

Mwaka wa 1926 alipata ndege ya bei nafuu huko Texas, aina ya Curtiss iliyotumiwa na jeshi wakati wa vita. Fundi wake kijana, William Wills, aliirusha kutoka Dallas mpaka Jacksonville, Florida. Njiani injini ilimsumbua hata akalazimika kutua mara tatu. Marafiki walipoona hali ya ndege hiyo walimsihi Bessie asiipande.

Asubuhi ya tarehe 30 mwezi wa nne 1926 walipaa pamoja. Wills aliongoza, Bessie alikaa kiti cha nyuma. Kesho yake alipaswa kuruka kwa parashuti mbele ya watu, na alitaka kuchungulia uwanja kutoka juu. Kwa sababu hiyo hakufunga mkanda wa kiti. Baada ya dakika 10 hivi, ndege iliinamisha pua ghafla, ikaanza kuzunguka na kupinduka. Bessie alirushwa nje, akafa. Wills alikufa ndege ilipopiga chini. Baadaye spana ilikutwa imenasa katika vyombo vya kuongozea ndege.

Maelfu ya watu walimsindikiza kaburini Chicago.

Waliokuja nyuma yake

Shule aliyoitaka ilifunguliwa na wengine. Mwaka wa 1929 William Powell alianzisha mjini Los Angeles chama cha warukaji chenye jina la Bessie Coleman, na vijana weusi wakaanza kujifunza humo. Chicago nayo ikapata chama chake cha marubani weusi, waliozoea kupita kwa ndege juu ya kaburi lake na kuangusha maua. Mmoja wa waanzilishi wake, John Robinson, alikwenda Ethiopia mwaka wa 1935 na kuongoza ndege za Mfalme Haile Selassie wakati wa vita na Italia. Baadaye alirudi huko kufundisha marubani Waethiopia. Mwaka wa 1992 Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani kwa chombo cha anga, alibeba picha ya Bessie.

Kwa kijana wa leo, mlango una masharti mengine. Kanuni za kimataifa zinaomba miaka 17 kwa leseni ya urubani wa binafsi, 18 kwa leseni ya biashara, na 21 kwa leseni ya kuongoza ndege kubwa za abiria, pamoja na saa 1500 za kuruka. Daktari aliyeidhinishwa lazima apime macho, masikio na moyo, na ni vema kupimwa kabla ya kulipa karo ya shule yoyote, maana kuna ugonjwa unaoweza kumzuia mtu hata akiwa na akili nyingi. Kuvaa miwani peke yake si kizuizi, ikiwa miwani inarekebisha macho vizuri. Hesabu na fizikia ndiyo masomo ya msingi.

Na kuna lugha. Bessie alilazimika kujifunza Kifaransa akiwa mtu mzima mwenye kazi. Mwanafunzi wa Kongo anasoma Kifaransa tangu shule ya msingi, lakini safari za kimataifa zinamwomba Kiingereza, kwa kuwa rubani lazima afaulu mtihani wa kukizungumza na kukisikia kwenye redio. Hilo linaweza kuanza akiwa na miaka 13, kwa kitabu na redio ya nyumbani, bila kungoja shule ya urubani.

Lililobaki linafundishwa na asubuhi ile ya Jacksonville. Marubani wa leo hukagua ndege na kufuata orodha ya mambo ya kuhakikisha kabla ya kila safari, hata kama wameruka maelfu ya saa, na hufunga mkanda kabla ndege haijatembea. Bessie Coleman alikuwa na moyo, akili na uzoefu wa miaka mitano. Siku hiyo alikosa ndege nzima na mkanda.