Daktari Ambedkar na Kazi ya Ndoo



Kwa toleo hili la kumbukumbu tumechagua maisha ya Bhimrao Ramji Ambedkar wa India. Alishughulika na jambo tunaloliona kila siku hapa kambini: nani anasafisha choo, na watoto wake wanaitwa majina gani shuleni.

Alizaliwa tarehe 14 Aprili 1891 huko Mhow, mji wa kambi za jeshi, akiwa mtoto wa kumi na nne wa askari. Jamaa yake ilikuwa ya tabaka la Mahar, watu waliohesabiwa kuwa najisi. Mtu alizaliwa na kazi yake ikimngoja. Mahar alifagia kijiji na kuondoa mizoga. Watu wa tabaka la Bhangi, hasa wanawake, walikwangua kinyesi katika vyoo vikavu kwa kipande cha bati, wakakibeba kichwani katika kikapu au ndoo. Siku za mvua kilivuja usoni. Malipo mara nyingi yalikuwa makombo ya chakula. Hao ndio matopasi, na neno hilo lilitufikia kutoka upande huo wa bahari.

Shuleni, Bhimrao alikalia gunia lake mwenyewe, na jioni alirudi nalo nyumbani. Bomba la maji hakuruhusiwa kuligusa. Tarishi alimfungulia, tarishi asipokuwepo, mtoto alishinda na kiu. Sisi walimu habari hiyo inatuuma kupita zote, maana mwalimu alikuwa pale pale akiona.

Mtawala wa Baroda alimlipia masomo. Mwaka 1913 alikwenda Columbia, New York, kisha London, na hatimaye akapata udaktari katika vyuo vyote viwili. Aliporudi kufanya kazi Baroda mwaka 1917 hakupata chumba. Alijificha katika nyumba ya wageni. Walipomgundua, wakaja watu na fimbo kumtoa. Alikaa bustanini saa nyingi akingoja gari moshi la usiku. Wasomaji wa kambi hii hawahitaji kuelezwa saa hizo zilivyo.

Tarehe 20 Machi 1927 aliongoza maelfu ya watu hadi bwawa la mji wa Mahad, wakanywa. Ng'ombe walikuwa wakinywa humo siku zote. Wakubwa wa mji wakalitakasa bwawa kwa mavi na mkojo wa ng'ombe.

Alibishana pia na Gandhi. Gandhi alisafisha vyoo kwa mikono yake na kufundisha kwamba kazi hiyo ni tukufu. Ambedkar aliona sifa hizo ni mtego, maadamu mtoto wa topasi lazima awe topasi. Sheria za baadhi ya miji ziliweza hata kumfunga topasi aliyeacha kazi bila kutoa taarifa! Sisi tunaona Ambedkar alikuwa na haki. Kumshukuru msafishaji ni vizuri, lakini kwanza aulizwe kama anaweza kuiacha kazi hiyo, na kama ana glavu na buti.

Baada ya uhuru wa 1947 aliongoza kamati iliyoandika katiba. Katiba hiyo, iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, ilifuta unajisi wa kuzaliwa katika kifungu cha 17 na kukataza kazi ya kulazimishwa katika kifungu cha 23. Mwezi Oktoba 1956 aliingia dini ya Buddha huko Nagpur pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi. Alifariki tarehe 6 Desemba mwaka huo huo.

Vikapu havikuisha naye. Sheria ya kukataza kazi hiyo ilipitishwa mwaka 1993, na nyingine mwaka 2013. Mwaka 2014 Mahakama Kuu kabisa ya India iliamuru kila familia ya mtu aliyefia katika mitaro ya maji machafu tangu 1993 ilipwe rupia milioni 1. Mwaka 2023 fidia ikapandishwa hadi milioni 3, kwa sababu watu walikuwa bado wanateremshwa humo.