Daktari wa Sungura Wenye Masikio Yaliyolala

Ni nyumba chache hapa Meru na Embu zisizokuwa na mtu anayelia na kiuno. Kazi zetu wenyewe si mchezo. Mama anabeba kuni kwa kamba ya kichwani tangu usichana wake, na baba anapakia magunia ya viazi kwenye lori. Siku daktari akisema kwamba diski ya mgongo imechakaa, swali la nyumbani huwa ni moja tu: kwani hakuna sindano?

Mpenzi msomaji, kuna sindano moja ya diski iliyowahi kuvuma dunia nzima, nayo ilitokana na papai. Aliyeufungua mlango wake hakuwa akitafuta dawa ya mgongo hata kidogo. Jina lake ni Dkt. Lewis Thomas.

Alizaliwa tarehe 25 Novemba 1913 huko Flushing, New York, Marekani. Baba yake alikuwa daktari wa kuwatembelea wagonjwa majumbani, na mama yake alikuwa muuguzi. Kijana akaingia Chuo Kikuu cha Princeton akiwa na miaka kumi na mitano tu, kisha akahitimu udaktari Harvard mwaka 1937. Mshahara wa daktari mchanga ulikuwa haba, basi akawa anayauzia magazeti mashairi yake. (Wanachama wenzangu, mmesikia hapo?) Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alitumikia jeshi la majini upande wa Pasifiki.

Sasa tuje kwenye papai. Wenzetu wa Mbeere na Tharaka wanaujua ule utomvu mweupe unaotoka ukilikwaruza papai bichi. Ndani yake mna kimeng'enya kiitwacho papeini, ambacho hukatakata protini. Ndiyo maana nyama ngumu ikipakwa papai bichi hulainika. Wakati huo Tanganyika na Kongo zilikuwa zikiuza utomvu huo ng'ambo.

Thomas alikuwa akichunguza jinsi mishipa ya damu inavyoharibika. Akawadunga sungura papeini kwenye mshipa. Mishipa haikumwonyesha la maana, lakini kesho yake masikio ya sungura wote yalikuwa yamelala kama majani ya mgomba yaliyonyauka! Sungura wenyewe walikuwa wazima, wanakula vizuri. Baada ya siku chache masikio yakasimama tena wima kana kwamba hakuna lililotokea.

Alipasua masikio, akatazama kwa hadubini, asione kitu. Gegedu, ule mfupa laini wa sikio, hakulitilia maanani kwa sababu wataalamu wote waliamini kwamba ni kitu kilicholala tu, hakina shughuli. Akaliacha jambo hilo kwa miaka kadhaa. Kilichomrudisha ni darasa. Mwaka 1955 hivi, alipokuwa akifundisha New York, aliwaonyesha wanafunzi wake kioja cha masikio. Safari hii aliweka sikio la sungura aliyedungwa kando ya sikio la sungura ambaye hakuguswa. Kumbe! Ile gundi ngumu iliyo katikati ya seli za gegedu ilikuwa imeyeyuka kwa wingi, na seli zenyewe zilikuwa hai zikitengeneza nyingine. Alichapisha habari hizo mwaka 1956.

Daktari wa mifupa wa jimbo la Illinois, Lyman Smith, alipozisoma alifikiria diski. Diski ni kama mto kati ya pingili mbili za uti wa mgongo. Kwa nje ni ngumu, ndani mna kiini laini kama uji mzito. Kiini kikichomoza na kubana neva, mtu huumwa mpaka mguuni. Mwaka 1963 Smith alimdunga mgonjwa wa kwanza kimopapeini, ndugu yake papeini, ili kiini kiyeyuke. Wengi walipata nafuu bila kupasuliwa. Marekani iliiruhusu rasmi mwaka 1982. Lakini wapo ambao miili yao iliikataa wakafa ghafla, na wachache walipooza.

Thomas mwenyewe alikuwa amekwenda mbali na sungura. Aliongoza shule za udaktari, kisha hospitali kuu ya saratani ya New York kuanzia mwaka 1973. Makala yake katika jarida la madaktari yalikusanywa kuwa kitabu mwaka 1974, kikapata tuzo kubwa ya vitabu nchini mwake. Uzeeni aliandika hata juu ya asili ya maneno, jambo ambalo chama chetu kinalielewa vizuri. Alifariki Desemba 1993. Miaka kumi baadaye, mwaka 2003, dawa ya papai ikaacha kuuzwa Marekani.

Ile sindano ilikuwa ya kuyeyusha, haikujenga. Zinazosifiwa siku hizi, za seli changa au za damu ya mgonjwa mwenyewe, zinakusudiwa kuiotesha diski upya, lakini bado zimo katika majaribio. Anayemwambia mzazi wako auze ng'ombe kwa ajili ya sindano ya uhakika anamdanganya. Sikio la sungura lilisimama upesi kwa sababu seli zake zilikuwa hai na zenye bidii. Diski ya mtu mzima ina seli chache, na damu haifiki katikati yake. Hapo ndipo wachunguzi wanapohangaika hadi leo.