Hans Geiger na Chombo Chake cha Kuhesabu

Nilipokuwa kidato cha nne mwalimu wetu alituonyesha chombo cha Geiger, nacho kikalia tik, tik mezani. Nikadhani kwamba kikinyamaza hapana hatari. Baadaye nilisoma maisha ya mwenyewe, nikaona nimekosea.

Hans Geiger alizaliwa Ujerumani mwaka wa 1882. Baba yake alikuwa profesa wa lugha za Mashariki. Alipopata shahada yake alikwenda Manchester, Uingereza, akawa msaidizi wa Rutherford. Siku zile, ili kuhesabu chembe za alfa, watu walikaa gizani wakitazama vimeta vidogo vya nuru, na macho yalichoka upesi. Kwa hiyo mwaka wa 1908 wawili hao walitengeneza chombo cha kuhesabu kwa umeme. Mwaka wa 1928, huko Kiel, Geiger na mwanafunzi wake Müller walikitengeneza upya kikawa bora zaidi: bomba lenye gesi, na waya katikati. Chembe ikiingia, umeme huruka, nasi husikia mlio.

Lakini kila baada ya mlio bomba hupumzika, tuseme sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, na chembe inayopita wakati huo haihesabiwi. Zikija 1,000 kwa sekunde, chombo huhesabu kama 909. Zikija 10,000, huhesabu 5,000 tu. Zikizidi mno, chombo chaweza kunyamaza kabisa.

Geiger alifariki Potsdam, Septemba 1945, vita vilipokwisha. Hakuiona roketi ya Marekani ya Juni 1962, iliyopanda na vyombo vya Geiger ikagundua nyota yenye eksirei kali katika kundi la Nge. Wala hakukiona chombo kilichorushwa baharini karibu na Malindi, Kenya, tarehe 12 Desemba 1970, kikaitwa Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya nchi hiyo. Nacho kilichungua eksirei za mbinguni kwa vihesabio vya ukoo huo huo.

Wachunguzi wa nyota wakarithi na ile kasoro. Nyota hafifu huhesabiwa karibu sawasawa. Iliyo kali mno huonekana pungufu kuliko ilivyo, wasipokumbuka kuongeza zile zilizopotea.

Basi, ndugu zangu, chombo kikinyamaza tusiseme upesi kwamba hapana kitu. Huenda kimezidiwa.